Kama anga kati ya nyota ni tupu, giza lililo katikati ya Njia Nyeupe latoka wapi?

Tambuzi

Ndugu zangu, kuna jambo ambalo limenisumbua tangu nianze kusoma habari za nyota kwa bidii, nami naomba mnijibu kwa hesabu na ushahidi, kwa sababu majibu ya juu juu nimekwisha kuyapata. Vitabu husema kwamba anga iliyo kati ya nyota ni ombwe, na kwamba kwa wastani kila sentimita moja ya ujazo huwa na atomu moja tu. Vitabu hivyohivyo husema kwamba ule mpasuko mweusi uonekanao kwa macho katikati ya Njia Nyeupe ni vumbi linaloziba nuru ya nyota zilizo nyuma yake. Mambo haya mawili siwezi kuyapatanisha. Atomu moja katika sentimita ya ujazo itaizibaje nuru ya nyota? Je, si rahisi zaidi kusema kwamba sehemu zile nyeusi ni mahali ambapo nyota hazipo? Na ikiwa kweli kuna gesi na vumbi huko, limejulikanaje na watu ambao hawajawahi kufika?

Mwanafalaki

Ndugu Tambuzi, wazo lako kwamba sehemu nyeusi ni mapengo si la kubezwa hata kidogo, kwa kuwa William Herschel mwenyewe, mtazamaji hodari kuliko wote wa karne ya 18, aliziona kuwa ni matundu katika anga, na wengi walikubaliana naye kwa zaidi ya miaka mia moja. Aliyeanza kulitia shaka wazo hilo kwa ushahidi mzito ni Edward Emerson Barnard, ambaye alizipiga picha sehemu hizo kwa miaka mingi na mwaka 1919 akatoa orodha ya madoa meusi 182. Picha zake zilionyesha kingo zilizochongeka, mikia, na nyuzi zilizojipinda kama zinavyojipinda katika mawingu yanayong'aa, jambo ambalo pengo tupu haliwezi kuwa nalo. Isitoshe, fikiria pengo lenyewe lingetakiwa liweje. Njia Nyeupe ina kina cha maelfu ya miaka ya nuru, kwa hiyo ili tuone weusi mtupu, pengo hilo lingetakiwa kuwa handaki jembamba, refu mno, lililonyooka na kuelekezwa sawasawa kwetu, tena mahandaki ya namna hiyo yangetakiwa kuwa mamia, yote yakituelekea sisi. Hakuna sababu yoyote ya kimaumbile ya jambo hilo kutokea.

Kuhusu gesi, ushahidi wa kwanza ulipatikana Potsdam, Ujerumani, mwaka 1904. Johannes Hartmann alikuwa akiichunguza nyota ya Mintaka, moja ya zile tatu za mkanda wa Jabari. Nyota hiyo ina mwenzake, nazo huzungukana kwa muda usiofika siku sita, hivyo nyota ikija kwetu mistari ya giza katika spektra yake, yaani nuru yake iliyotandazwa rangi kwa rangi, husogea upande wa buluu, na ikienda zake husogea upande wa nyekundu. Hartmann aliona mistari yote ikienda na kurudi kwa mpango huo, isipokuwa mmoja mwembamba wa kalisi ambao haukushiriki katika mwendo huo. Nyota inayoyumba haiwezi kutoa mstari usioyumba. Akahitimisha kwamba kalisi ile haikuwa ndani ya nyota, bali ilikuwa katika wingu lililoko mahali fulani njiani kati ya nyota hiyo na sisi. Mimi huuhesabu ugunduzi huu kuwa miongoni mwa mifano bora ya kufikiri katika elimu ya nyota, kwa sababu ulitokana na mtu kutolipuuza jambo dogo lililokataa kufuata utaratibu.

Vumbi nalo lilithibitishwa mwaka 1930 na Robert Trumpler wa kituo cha Lick, California. Aliyapima mafungu ya nyota kwa njia mbili: kwanza alikadiria umbali kutokana na mwangaza wa nyota, kisha akaukadiria tena kutokana na ukubwa wa fungu lionekanavyo. Kwa mafungu ya karibu njia hizo mbili zilikubaliana, lakini kadiri mafungu yalivyokuwa mbali ndivyo njia ya mwangaza ilivyoyaonyesha kuwa mbali kupita kiasi, kana kwamba mafungu yote ya mbali yalikuwa makubwa kuliko ya karibu. Maelezo yaliyobaki ni kwamba nuru ilikuwa ikipungua njiani. Pamoja na kupungua, nuru hiyo ilikuwa nyekundu zaidi kuliko ilivyostahili, kwa kuwa punje ndogo huitawanya na kuimeza nuru ya buluu kuliko nyekundu.

Hesabu

Mwalimu Mwanafalaki ameeleza vizuri jinsi vumbi lilivyojulikana, ila kiini cha swali la Ndugu Tambuzi, yaani kitu chepesi kiasi hicho kinawezaje kuziba nuru, bado hakijaguswa. Nitakifanyia hesabu, na kila mwenye karatasi anaweza kuifuata.

Chukua mfereji wa kuwaziwa wenye upana wa sentimita moja ya mraba na urefu wa miaka 1,000 ya nuru, ambao kwa vipimo vya Njia Nyeupe ni umbali wa jirani tu. Mwaka mmoja wa nuru ni karibu kilomita trilioni 9.5, kwa hiyo mfereji huo una takriban sentimita za ujazo trilioni moja mara bilioni moja. Ukiweka atomu moja ya hidrojeni katika kila sentimita ya ujazo, na kuongeza heliamu inayoambatana nayo, uzito wa gesi yote katika mfereji mzima unakuwa miligramu 2 hivi. Hewa tunayovuta ina uzito wa miligramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo. Maana yake ni kwamba gesi yote ya miaka 1,000 ya nuru ni sawa na tabaka la hewa lisilofika unene wa sentimita 2! Hapa Ndugu Tambuzi una haki kabisa: gesi hiyo peke yake haiwezi kuficha nyota, na kweli haifichi, ila huacha ile mistari myembamba katika spektra kama aliyoiona Hartmann.

Sasa tulitazame vumbi. Uzito wake ni takriban asilimia 1 ya uzito wa gesi, kwa hiyo katika mfereji wetu lipo miligramu 0.02 tu. Lakini vumbi hili limegawanyika katika punje ndogo mno, na kwa mfano wetu tuseme kila moja ina nusukipenyo cha sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na imeundwa kwa madini mazito kama ya mawe. Ukigawanya uzito wote kwa uzito wa punje moja utapata punje zaidi ya bilioni moja na nusu. Kivuli cha punje moja ni kidogo kupita kufikirika, lakini ukivijumlisha vivuli vyote unapata takriban nusu ya sentimita ya mraba, na mfereji wenyewe ulikuwa na upana wa sentimita moja ya mraba! Kwa maneno mengine, karibu nusu ya njia ya nuru imezibwa, na hesabu hii ya mkono haiko mbali na vipimo halisi, kwani nuru inayosafiri miaka 1,000 ya nuru katika bapa la Njia Nyeupe hupoteza kwa wastani karibu asilimia 40 ya nguvu yake.

Jambo la kushikilia hapa ni mgawanyiko. Kitu kilekile kikivunjwavunjwa kuwa punje ndogo mara kumi, uzito haubadiliki lakini vivuli vyake huongezeka mara kumi, na ndiyo sababu moshi wa kuni chache unaweza kukificha chumba kizima ilhali kuni zenyewe hazikifichi. Angalia pia jinsi punje hizo zilivyo mbalimbali: katika sehemu ya kawaida, punje moja ina nafasi yake peke yake yenye ujazo wa mchemraba wa mita 80 kila upande. Ombwe unalolisoma vitabuni ni la kweli. Kinachotokea ni kwamba urefu wa safari unalipia uchache wa punje.

Ukipiga hesabu hiyohiyo kuelekea kitovu cha Njia Nyeupe, ambacho kiko umbali wa karibu miaka 26,000 ya nuru, utaona jinsi mambo yanavyokuwa makali. Katika nuru ya kuonekana, kati ya fotoni (chembe za nuru) trilioni moja zinazoondoka huko kutuelekea, hufika moja hivi. Katika infraredi, nuru isiyoonekana kwa macho iliyo nje ya nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa mikromita 2.2 hufika karibu moja katika kumi, kwa sababu wimbi refu kuliko punje hupita bila kuzuiwa sana. Andrea Ghez na Reinhard Genzel, ambao walipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2020 pamoja na Roger Penrose, walizifuatilia nyota zinazozunguka shimo jeusi la kitovuni kwa kutumia infraredi. Kwa nuru ya kawaida wasingeona hata nyota moja ya kule.

Tambuzi

Ndugu Hesabu, nimeirudia hesabu yako kwa mkono wangu nikaona inakubali, na nimefurahi sana, maana sasa naona kwamba tatizo langu lilikuwa kuihesabu gesi na vumbi kama kitu kimoja. Naomba niulize mawili yaliyobaki. La kwanza, nimesoma kwamba baadhi ya gesi hiyo ina joto la nyuzi milioni moja na nyingine iko karibu na sifuri halisi. Vitu viwili vya namna hiyo vinakaaje pamoja, na kwa nini ile ya nyuzi milioni haiunguzi chochote? La pili, ikiwa vumbi ni asilimia 1 tu, je, lina kazi yoyote zaidi ya kutuzuia kuona?

Ukungu wa Jabari

Nitajibu yote mawili, lakini la pili ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa kuwa naona vumbi husemwa vibaya kuliko linavyostahili.

Joto la gesi ni kipimo cha kasi ya chembe zake, na halisemi chembe hizo ni ngapi. Gesi ya nyuzi milioni moja, ambayo hupashwa moto na mawimbi ya supanova, yaani milipuko ya nyota zinazokufa, ina chembe chache katika kila lita moja, kwa hiyo kila chembe inakwenda kwa kasi kubwa lakini jumla ya nishati iliyomo ni ndogo mno. Gesi baridi ya mawingu mazito, kwa upande mwingine, iko kwenye kelvini 10 hadi 20, yaani karibu nyuzi 260 za Selsiasi chini ya sifuri, lakini ina molekuli mia kadhaa katika kila sentimita ya ujazo, na katika viini vyake huweza kufika milioni moja. Kati ya hizo mbili kuna gesi vuguvugu ya nyuzi elfu kadhaa. Gesi hizi hukaa bega kwa bega kwa sababu ile yenye joto kali ni nyepesi na ile baridi ni nzito, hata misukumo yao, ambayo hutokana na wingi wa chembe na joto kwa pamoja, ikakaribiana.

Sasa vumbi. Jambo la kwanza ni kwamba bila vumbi tusingekuwa na hidrojeni ya molekuli kwa wingi unaoonekana leo. Atomu mbili za hidrojeni zikikutana angani hushindwa kushikamana, kwa sababu kuungana kwao hutoa nishati ambayo ni lazima ipelekwe mahali fulani, na kama haina pa kwenda, atomu huachana tena papo hapo. Punje ya vumbi hutatua tatizo hilo. Atomu moja hutua juu ya punje, hutembeatembea hadi ikutane na mwenzake, zikaungana, na nishati inayozidi hupokewa na punje. Jambo la pili ni kwamba vumbi huizuia miale ya urujuanimno ya nyota kubwa isiingie ndani ya wingu na kuzivunja molekuli hizo, kwa hiyo kile kivuli tunachokiona sisi kama doa jeusi, huko ndani ni kinga. Jambo la tatu ni barafu: juu ya punje baridi hujikusanya maji, monoksidi ya kaboni, dioksidi ya kaboni na methanoli, na humo molekuli kubwa zaidi hutengenezwa. Hadi sasa zaidi ya aina 300 za molekuli zimetambuliwa katika anga ya kati ya nyota na katika gesi inayozizunguka nyota kuukuu.

Hapa pana jambo la kusikitisha kidogo kwa mtafiti. Molekuli ya hidrojeni, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote, haitoi mawimbi yoyote ya maana ikiwa katika baridi ya namna hiyo, kwa hiyo wingu lenye uzito wa majua laki moja laweza kuwa bubu kabisa. Mwaka 1970 Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias waligundua mawimbi ya monoksidi ya kaboni yenye urefu wa milimita 2.6 yakitoka katika Nebula ya Jabari, na tangu hapo molekuli hiyo, ingawa ni haba sana ikilinganishwa na hidrojeni, imekuwa shahidi wa mahali mawingu yalipo na jinsi yanavyokwenda. Hidrojeni ya atomu, kwa bahati nzuri, husema yenyewe: Hendrik van de Hulst alitabiri mwaka 1944 kwamba itatoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21, na mwaka 1951 Harold Ewen na Edward Purcell wakayapokea kule Harvard. Atomu moja ikiachwa peke yake ingengoja kwa wastani miaka karibu milioni 11 kabla ya kutoa wimbi hilo mara moja. Tunayapokea mfululizo kwa sababu atomu zenyewe hazihesabiki, na kwa mawimbi hayo mikono ya Njia Nyeupe ilichorwa katika miaka ya 1950, kwani hupenya vumbi bila kizuizi.

Ukitaka kuona mambo haya yote mahali pamoja, tafuta picha za Barnard 68, doa jeusi lililo katika kundinyota la Hawaa, umbali wa takriban miaka 500 ya nuru, lenye upana wa nusu mwaka wa nuru hivi na uzito wa majua mawili. Katika picha ya nuru ya kawaida huoni hata nyota moja ndani ya doa hilo. Ni weusi uliokatwa kama kwa mkasi. Katika picha ya infraredi, nyota za nyuma hujitokeza kwa maelfu, zikiwa nyekundu zaidi kadiri unavyokaribia katikati, ambako wingu ni zito. Kwa kuipima rangi ya kila nyota, watafiti waliweza kuchora unene wa wingu kutoka ukingoni hadi kitovuni, wakaona kwamba msukumo wa gesi na nguvu ya mvutano vinakaribia kulingana. Wingu la namna hiyo likizidiwa na mvutano wake huporomoka, na kinachobaki katikati ni nyota changa iliyozungukwa na sahani ya gesi na vumbi, ambamo punje hushikamana hadi zikawa mawe na sayari. Kwa hiyo, Ndugu Tambuzi, ile asilimia 1 ndiyo iliyotoa malighafi ya kila sayari ya mwamba.

Kimwondo

Naomba niongeze kwa yale maneno ya mwanzo ya Ndugu Tambuzi, kwamba watu wanaosema habari hizi hawajawahi kufika huko. Binadamu hajafika, ila vyombo vyake vimefika. Voyager 1 ilivuka mpaka wa upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka katika Jua, mwezi Agosti 2012, ikiwa mbali na Jua kwa zaidi ya mara 120 ya umbali wa Dunia, na Voyager 2 ikafuata mwezi Novemba 2018. Mitetemo ya elektroni iliyonaswa na Voyager 1 ilionyesha kwamba nje ya mpaka kuna elektroni takriban 0.08 katika kila sentimita ya ujazo, kiasi ambacho ni mara nyingi kuliko kilichokuwa ndani ya mpaka. Wengi hushangaa kusikia kwamba chombo kilipotoka nje kiliingia mahali pazito zaidi, lakini ndivyo ilivyo, kwa sababu upepo wa Jua ukifika huko umekwisha kutawanyika sana.

Vumbi nalo limekuja lenyewe. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kina punje ndogo za kabidi ya silikoni zenye isotopu (atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito) za uwiano usiopatikana popote katika mfumo wetu wa Jua, na ambazo hulingana na zile zinazotarajiwa katika nyota zilizozeeka. Mwaka 2020 watafiti walitoa makadirio ya umri wa baadhi ya punje hizo, na za kale zaidi zilifika karibu miaka bilioni 7, ilhali Jua lenyewe lina miaka bilioni 4.6. Punje hizo zilitoka katika nyota iliyokuwa ikimwaga tabaka zake za nje, zikakaa katika anga ya kati ya nyota kwa mamilioni mengi ya miaka, zikaingia katika wingu lililozaa Jua, na sasa zimo katika maabara ambamo huchunguzwa moja moja kwa hadubini.

Tambuzi

Nashukuru sana, ndugu zangu. Nina ombi dogo la mwisho: ni kitu gani naweza kukitazama mwenyewe bila darubini kubwa, ili nione vumbi hili likifanya kazi zake?

Mwanafalaki

Tazama viwili. Cha kwanza ni doa jeusi lililo kando ya Salibu ya Kusini, ambalo huonekana kwa macho matupu usiku usio na mwezi, mbali na taa. Liko umbali wa takriban miaka 600 ya nuru, na ukilikazia macho utaona kwamba kingo zake hazififii polepole kama ambavyo zingefifia kama nyota zingekuwa zinapungua tu.

Cha pili ni Kilimia. Kwa macho utaona nyota zake sita au saba, lakini picha iliyopigwa kwa muda mrefu huonyesha utando wa buluu ukizizunguka. Mwaka 1912 Vesto Slipher aliipima spektra ya utando huo akaona ni ileile ya nyota zenyewe, maana yake si gesi inayong'aa bali ni vumbi linalorudisha nuru ya nyota, na rangi yake ni ya buluu kwa sababu ileile inayozifanya nyota za nyuma ya vumbi zionekane nyekundu. Usidhani, kama wengi walivyodhani zamani, kwamba vumbi hilo ni mabaki ya wingu lililozizaa nyota za Kilimia. Kasi yake na kasi ya nyota hazilingani, na nyota hizo, zenye umri wa miaka karibu milioni 100, zinapita tu katika wingu ambalo zimelikuta njiani.